Kiu ya Nidia

Nidia aliinamia kikopo cha plastiki akajaribu kutema mate. Hakikutoka kitu. Chingamu aliyokuwa akiitafuna tangu alfajiri ilikuwa imekuwa ngumu kama kokoto, na midomo yake ilikuwa imepasuka pembeni. Alikuwa ameketi kwenye sakafu ya bafu la hoteli mjini Juárez, mgongo ukutani, amevaa koti la plastiki juu ya masweta mawili, na bomba la maji ya moto limeachwa wazi ili mvuke ujae. Baba yake, Crescencio Urquidi, ambaye watu wa Delicias walimwita Don Chencho, alikaa juu ya kifuniko cha choo akimfuta jasho shingoni.

"Bado kidogo," alisema.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama glasi moja ya maji."

Nidia alicheka bila sauti. "Usinitajie glasi, Baba."

Siku za kawaida, akila chakula cha mama yake, Nidia alikuwa na kilo hamsini na nane. Kwenye mizani ya wanandondi alitakiwa awe na arobaini na tisa. Kwa miaka minne alikuwa akipigana kwenye uzito huo huo, na hakuwa amepoteza hata pambano moja. Kumfikisha pale ilikuwa kazi ya Chencho. Yeye ndiye aliyejua chumvi ikatwe lini, maji yapunguzwe lini, na mtu atolewe lini kwenye maji ya moto kabla moyo haujaanza kwenda mbio. Kuanzia Juárez mpaka Torreón makocha walikubali kwamba kaskazini yote hapakuwa na mtu wa kumshusha bondia uzito kama Chencho. Aliipenda sifa hiyo. Hakuwa na nyingine.

Simu ilimtetemekea mfukoni. Alitoka nje ya bafu kuipokea. Alikuwa kijana wa ofisi ya promota, sauti yake changamfu, akimweleza kwamba watu wa televisheni wamechelewa kufunga taa zao, kwa hiyo upimaji wa uzito haungekuwa tena saa saba mchana. Ungekuwa saa kumi na moja jioni.

"Binti yangu amekauka," Chencho alisema. "Hajanywa tangu jana."

"Ni kwa wote, Don Chencho. Hata Dariela atangoja."

Chencho alibaki ameishika simu baada ya yule kijana kukata. Alijua, na yule kijana alijua, kwamba Dariela Montemayor, mpinzani wa Nidia, hakuwa na haja ya kujikausha. Alizaliwa mdogo, akala akabaki mdogo. Kwake yeye kungoja kulikuwa kungoja tu.

Aliporudi bafuni na kumwambia, Nidia alifumba macho. Uso wake ulikunjamana kama wa mtu anayelia, lakini machozi hayakuwepo.

"Nisukutue tu," alisema. "Nitatema. Naapa nitatema."

Akampa funda moja. Akamtazama mpaka alipolitema lote.

*

Ukumbi wa hoteli ulikuwa na viti vya plastiki na bango kubwa lenye sura ya Dariela. Sura ya Nidia ilikuwa chini pembeni, ndogo, na jina la ukoo limekosewa. Walikaa mstari wa mbele: Chencho, Nidia amejifunika blanketi, na Tacho, msaidizi wao wa kona ya ulingo, mwanamume mnene wa miaka arobaini aliyependa mizaha lakini leo alikuwa kimya. Hortensia, mama yake Nidia, alikuwa ameingia na basi la kutoka Delicias mchana huo. Miguuni pake alikuwa na chupa kubwa ya chai iliyojaa supu ya ng'ombe, na kikapu cha tortila, chapati nyembamba za ngano alizozifunga kwa kitambaa. Alikuwa amekazia macho mikono ya binti yake, ambayo ngozi yake ilikuwa imelegea kama ya kikongwe.

Saa kumi na moja ilipita. Dariela aliingia baadaye na kaka yake na kundi la watu wao, akicheka, mkononi ana chupa ya maji. Alikunywa kidogo, akaifunga, akampa kaka yake. Nidia alifuata ile chupa kwa macho mpaka ilipoingia ndani ya begi.

Chencho alimwendea mtu wa promota. "Tuanze basi, bwana."

"Mna haraka ya kwenda wapi, Don Chencho? Tulieni. Mnaonekana kwenye televisheni."

Watu wawili watatu walicheka. Chencho naye akacheka kidogo, kwa adabu, akarudi kukaa. Hortensia alimwona akicheka.

Ilipofika zamu yao, Nidia alizidi uzito kidogo akiwa na nguo zake za ndani. Ilibidi azivue zote. Hortensia na mwanamke mmoja wa kamisheni ya ndondi walishika taulo pande mbili, na nyuma ya taulo lile, mbele ya watu mia, Nidia alisimama uchi akitetemeka. Vidole vyake vya miguu tu ndivyo vilivyoonekana. Mtu wa mizani alisoma: arobaini na tisa kamili. Watu wakapiga makofi. Tacho aliinua ngumi juu. Chencho alihisi ule utamu aliouzoea, utamu wa fundi anayeona kazi yake imesimama.

Kabla hajashuka vizuri, Hortensia alikuwa ameshampa chupa ya maji yenye chumvi na sukari. Nidia alikunywa amefumba macho, koo likipanda na kushuka. Alimaliza ile ya kwanza, akanyoosha mkono kwa ya pili, akaifungua, akanywa nusu.

Chencho akamshika kiganja. "Basi, mwanangu. Inatosha."

Nidia alidhani anatania. Alivuta chupa. Chencho hakuiachia.

"Twende chumbani," alisema. "Kuna jambo."

*

Lile jambo alilisema akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Kesho saa mbili asubuhi kungekuwa na mizani nyingine. Nidia asizidi kilo hamsini na tatu na nusu. Ndilo sharti waliloomba upande wa Dariela, naye Chencho alilikubali.

Alilikubali mwezi uliopita, kule Chihuahua, katika ofisi ya promota, baada ya kuwekwa kwenye benchi mpaka wafanyakazi wakaenda kula wakarudi. Promota hakumzungusha. Alimwambia Dariela ni mdogo na ndugu zake wanaogopa jinsi Nidia anavyojaza mwili usiku baada ya mizani. Hawakutaka jioni ya pambano apande ulingoni kukutana na ng'ombe. Wako wengi wenye kulitaka pambano hili la mkanda wa ubingwa, alisema, na wengine wanangoja huko nje. Chencho alipeana naye mkono. Alijiambia kwamba kiu ya usiku mmoja zaidi si kitu, kwamba ataipanga funda kwa funda. Hakumwambia Nidia kwa sababu alijua angekataa.

Nidia alikuwa kitandani, chupa yenye nusu ya maji juu ya mapaja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo leo nisile."

"Utakula kidogo. Mayai. Maji nitakupimia. Kesho baada ya mizani unywe upendavyo, pambano ni jioni."

"Na kichwa changu, Baba? Kinachoniuma hivi, kitanywa lini?"

"Ni mkanda, Nidia. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Ningekuhurumia kila ulipolia, leo ungekuwa unafungasha maboksi kiwandani."

"Wenzangu wanaofungasha maboksi wanakunywa maji," Nidia alisema.

Hortensia alikuwa ameanza kumimina supu bakulini. Mvuke wake, wenye harufu ya mahindi na giligilani, ulijaa chumba kizima. Hakuinua macho.

"Mtu huuza nyumba," alisema. "Huuza gari. Mimi sijasikia mtu anauza kiu ya mwanawe."

"Mama Nidia, wewe hujui mambo ya ndondi," Chencho alisema.

"Sijui. Najua nilichomzaa. Nilimzaa mkubwa."

Alimpa Nidia bakuli. Nidia alilitazama, kisha akamtazama baba yake moja kwa moja, na bila kuondoa macho akainua bakuli kwa mikono miwili akaanza kunywa. Chencho alimwambia faini itakula nusu ya malipo yake. Alimwambia wanaweza kulivunja pambano. Nidia alikunywa. Alipomaliza alimega tortila, akaichovya kwenye mabaki ya mchuzi, akamnyooshea mama yake bakuli aongezewe.

Chencho alivaa kofia yake akatoka. Upepo wa Novemba ulikuwa ukivuma kutoka mtoni, mkavu, wenye mchanga. Alitembea mpaka daraja la kuingilia Marekani, akasimama kutazama misururu ya magari, kisha akarudi kwenye pikapu yake uani pa hoteli. Huko juu dirisha la chumba chao lilikuwa na taa, na kivuli cha Hortensia kilipita na kurudi. Alingoja simu ilie, aitwe kula. Haikulia. Alijikunyata ndani ya koti lake akalala humo humo kwenye pikapu.

*

Asubuhi ukumbi ulikuwa mtupu, hakuna taa za televisheni, viti vimepangwa juu ya viti. Nidia alipanda kwenye mizani amevaa fulana na kaptura. Mashavu yake yalikuwa yamejaa tena, midomo imelainika. Mizani ilisema hamsini na tano na ushei.

Hakuna aliyepiga makofi. Kaka yake Dariela aliguna. Yeye na mtu wa promota walikwenda pembeni wakanong'ona, wakamwita Chencho, na mazungumzo hayakuchukua hata muda wa kunywa kahawa. Pambano litakuwepo, tiketi zimeshauzwa. Nusu ya malipo ya Nidia itakwenda kwa Dariela, na mkanda, Nidia akishinda, hataupata. Chencho alikubali kila kitu. Hakuwa na cha kushikilia.

Dariela mwenyewe hakuulizwa. Alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono ndani ya mifuko ya koti, msichana mwembamba mwenye chunusi kidevuni. Nidia alipopita karibu naye, alisema kwa sauti ya chini:

"Jana tulikuwa sawa."

Nidia alisimama. "Jana nilikuwa maiti, dada."

"Na leo?"

Dariela aliinua mabega akamfuata kaka yake.

Kwenye lifti Nidia alimwambia baba yake, akiwa anatazama namba za ghorofa zikibadilika: "Leo usipande konani. Tacho atanitosha."

"Tacho hajawahi kukaa peke yake."

"Ataweza."

Tacho, aliyekuwa nyuma yao na ndoo ya barafu, alikohoa. "Mwalimu, mimi nafanya mtakavyoelewana."

"Tumeshaelewana," alisema Nidia.

*

Kwa hiyo jioni ile Crescencio Urquidi aliingia ukumbini kwa mlango wa watu wote. Kijana wa mlangoni alimtaka tiketi. Alisema yeye ni baba wa bondia. Kijana akamwambia kila mtu leo ni baba wa bondia, mzee, sogea pembeni au kanunue. Akaenda akanunua. Kiti chake kilikuwa juu kabisa, jirani na bwana mmoja aliyekuwa akitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda sakafuni.

Kutoka pale juu aliwaona kwa jinsi ambavyo hakuwahi kuwaona. Konani mtu huona ngumi tu, huona pumzi na damu na miguu. Hapa aliona wanawake wawili wakikutana katikati ya ulingo kusikiliza refa, na mmoja wao alikuwa amemzidi mwenzake kila mahali: shingo, mgongo, mapaja. Alijikuta anatafuta kama labda ni taa.

"Tazama lile fahali," alisema jirani yake. "Eti wamepimwa."

Chencho alivuta kofia yake chini.

Raundi mbili za mwanzo Dariela alikuwa mwepesi mno. Aliingia, akagusa, akatoka, na watu wakamshangilia. Ngumi zake zilitua usoni kwa Nidia na Nidia hakurudi nyuma hata hatua. Raundi ya tatu Nidia alimbana kwenye kamba, akamwegemea kwa kifua, akampiga mbavuni ngumi fupi. Hata huko juu watu walisikia pumzi ilivyomtoka yule msichana. Kuanzia hapo miguu ya Dariela ikawa mizito. Alirusha ngumi zake zote nzuri, zote alizofundishwa, na zilikuwa kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Raundi ya tano jicho moja la Dariela lilikuwa limefumba. Mara mbili Nidia alirudi nyuma akamtazama refa. Refa alimwashiria aendelee. Kaka mtu alikuwa akipiga kelele kutoka konani, akimtia moyo dada yake, akimwambia bado kidogo. Raundi ya sita Nidia alipiga ngumi moja ya mkono wa kushoto, hata si kwa nguvu zake zote, na Dariela akakaa chini kwenye pembe na kutazama glavu zake. Refa akasimamisha.

Nidia hakunyoosha mikono. Alikwenda akapiga magoti mbele ya Dariela akimwambia kitu, mpaka kaka mtu alipomsukuma aondoke. Watu walizomea. Jirani yake Chencho alikung'uta maganda kwenye suruali.

"Angelikuwa na mtu wa saizi yake tungeona," alisema. "Au unasemaje, mzee?"

"Sijui," alisema Chencho.

*

Chencho alimkuta binti yake kwenye ujia nyuma ya vyumba vya kuvalia. Hortensia alikuwa ndani akikunja nguo. Nidia alikuwa amekaa juu ya boksi la vinywaji, bandeji bado mikononi, uso wake hauna hata mkwaruzo.

"Wamempeleka hospitali," alisema. "Wanasema anaongea, anajua jina lake."

"Basi mshukuru Mungu."

"Baba, nikuulize. Yule wa Parral niliyempiga. Na yule wa Durango aliyeacha ndondi. Nao walikuwa hivi?"

"Hivi vipi?"

"Wadogo."

Chencho alizungusha kofia yake mikononi. "Wote wanafanya, Nidia. Kila mtu anajikausha, kila mtu anajaza usiku. Hata mimi, nilipokuwa bondia, nilifanyiwa. Usipofanya, unafanyiwa."

"Najua wote wanafanya. Sikuulizi habari za wote." Alianza kufungua bandeji kwa meno, akashindwa. Baba yake alisogea amsaidie kama alivyomsaidia kila mara, na Nidia akaurudisha mkono wake kifuani. "Miaka minne nilidhani najua kupigana. Nilikuwa nakufa bafuni, nikifufuka nikadhani nimestahili. Kumbe ulikuwa unaniletea watoto."

Alilisema taratibu, bila hasira, na kwa sababu hiyo Chencho hakupata mahali pa kulikamatia. Alitaka kumwambia jinsi alivyokuwa akikaa naye kwenye mvuke mpaka shati likamganda mwilini, jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa hali wala hanywi siku zile, ili wawe wawili. Hakuwahi kumwambia hilo mtu yeyote. Sasa lilionekana dogo.

Hortensia alitoka na begi. "Twende, mwanangu. Tacho ameleta gari."

Walikwenda. Alibaki na ndoo ya barafu iliyoyeyuka.

*

Nidia hakurudi Delicias. Alihamia Chihuahua kwa dada wa Hortensia, akaanza kufanya mazoezi kwenye jimu ya mwanamke mmoja aliyekuwa bondia zamani. Kila Jumapili Hortensia alipanda basi na kikapu chake kwenda kumwona, akarudi jioni. Chencho alimwuliza habari zake kwa mzunguko: kule baridi imezidi? Yule dada yako goti limepona? Hortensia alijibu alichoulizwa. Chakula alimwekea mezani, akakaa upande wa pili, na redio ikawasemea wote wawili.

Kwenye jimu yake ya zamani vijana walipungua. Mmoja alikuja na baba yake kutoka Camargo, wakitaka kijana ashushwe kilo saba kwa wiki mbili. Walikuwa wamesikia kwamba yeye ndiye bingwa wa kazi hiyo. Chencho alimtazama yule kijana aliyekuwa bado anaota ndevu. Akawaambia mizani yake imeharibika.

Aprili alisikia kwa Tacho kwamba Nidia anapigana Chihuahua, kilo hamsini na nane na ushei, na mwanamke kutoka Tijuana. Alipanda basi la asubuhi bila kumwambia mkewe. Upimaji ulikuwa kwenye ukumbi wa klabu ya walimu. Alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango.

Yule wa Tijuana alikuwa na mabega mapana, mikono mirefu, na jino la dhahabu. Alipanda, akapimwa, akashuka. Nidia alitoka upande wa pili amevaa fulana na soksi. Alikuwa akitafuna kitu. Alipanda kwenye mizani huku anatafuna, akamsikiliza mtu wa mizani akisoma bila hata kuangalia chini, akashuka. Hapakuwa na taulo. Ilikwisha kabla Chencho hajaelewa kwamba imekwisha. Miaka yote ile alikuwa hajawahi kuiona mizani ikipita bila mtu kuumia.

Watu walianza kutawanyika. Nidia alimwona akiwa anavaa viatu. Alifunga kamba zote mbili, akasimama, akamjia kati ya viti. Alikuwa amenawiri. Chencho aligundua kwamba binti yake ana sura ya mama yake, jambo ambalo njaa ilikuwa imelificha.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

Mlangoni Hortensia, aliyekuja na basi jingine naye pia bila kumwambia, alikuwa akingoja na dada yake na yule mwalimu mpya. Wote walikuwa wanakwenda kula pamoja. Nidia aliwatazama, kisha akamgeukia baba yake.

"Umekula?" alimwuliza.

Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu atoke Delicias. "Nimekula," alisema.

Nidia alingoja kidogo. Kisha akamrekebisha kola ya koti iliyokuwa imekunjika, akamwambia pambano ni kesho saa mbili usiku, aingilie mlango wa nyuma, aseme jina lake. Akaenda kuungana na wenzake.

Chencho alibaki pale mpaka wafanyakazi walipokuja kukunja viti. Ndipo akatoka nje juani kutafuta mahali pa kula.